Kahawa ya baba, ndizi za mama. Kijana ana nini kihambani?

Moshi. Anayepanda gari kutoka Moshi mjini kwenda Uru, Kibosho au Old Moshi huanza safari akiwa amefungua dirisha kwa sababu ya joto, na kabla konda hajamaliza kukusanya nauli huwa ameshalifunga. Barabara inapanda tu. Nyumba za mjini zinaisha, migomba inaanza, na kuanzia hapo mgeni hawezi kusema kwa uhakika shamba la mtu linaanzia wapi na nyumba yake iko wapi. Vyote vimechanganyika. Bati linachungulia katikati ya migomba, kaburi lililosakafiwa liko hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na ng'ombe analia bila kuonekana alipo.

Hicho ndicho kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga. Vihamba vimeuzunguka Mlima Kilimanjaro kama mkanda, kwenye miteremko iliyo kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu yake ni msitu wa hifadhi. Chini yake ni tambarare yenye joto, ambako familia nyingi zina shamba la pili la mahindi na maharage. Kwa vizazi vingi kihamba kimelisha watoto, kimewasomesha na kimewazika wazee.

Lakini ukishuka kwenye njia panda yoyote ya huko juu saa nne asubuhi, siku ya kazi, utawakuta vijana wamekaa juu ya pikipiki wakisubiri abiria wasiowatosha. Wengi wamemaliza kidato cha nne. Wengine wana cheti cha chuo. Nyuma yao, umbali wa kutupa jiwe, kuna mibuni mizee ambayo haijapogolewa miaka kadhaa na mfereji uliojaa tope ukisubiri mikono.

Kazi ipo, ardhi ipo japo kidogo, na vijana wapo. Kwa nini basi hawakutani? Jibu, kwa sehemu kubwa, liko ndani ya nyumba zetu.

Shamba la ghorofa

Mwaka 2011 kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu, huko Uru, kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu kwa dunia. Wataalamu wanaotafuta namna ya kulima bila kuichosha ardhi wamekuwa wakipanda huko kujifunza jambo ambalo bibi wa Uru analifanya kila siku bila kuliita kwa jina lolote.

Namna rahisi ya kukielewa kihamba ni kukitazama kama nyumba ya ghorofa.

Ghorofa ya juu ni ya miti mikubwa: mringaringa, msesewe, mgrevilea, mparachichi. Miti hii inatoa kivuli, kuni na mbao. Majani yake yanadondoka na kuwa matandazo yanayotunza unyevu, na mizizi yake inaushika udongo usiteremke na mvua za masika.

Chini ya miti ipo migomba, ya ndizi za kupika, za kuiva na za mbege. Chini ya migomba ipo mibuni, ambayo hapa haichomwi na jua kali. Ghorofa ya chini kabisa, palipo na mwanga wa kutosha, utakuta magimbi, viazi vikuu, maharage, mnafu na majani ya ng'ombe. Katika eneo ambalo mara nyingi halifiki hekta moja, wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 100 za mimea inayotumiwa na watu wa vihamba.

Pembeni kuna banda. Ng'ombe wa kihamba hatembezwi, analetewa chakula. Mmoja mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji karibu kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na kila aliyekulia uchagani anakumbuka shingo ilivyokuwa ikiuma kwa kubeba mzigo huo. Samadi inarudi kwenye mgomba. Mgomba ukishavunwa, shina lake linakatwakatwa na kurudi kwa ng'ombe. Maganda ya kahawa yanageuka mboji. Karibu kila kinachotoka kwenye ghorofa moja ni chakula cha ghorofa nyingine, ndiyo maana ardhi hiyohiyo imelimwa miaka mingi bila kugeuka jangwa.

Kila ghorofa ina mwenyewe

Jambo ambalo mgeni halioni ni kwamba ghorofa hizi zina wenyewe.

Kahawa ilifika mlimani kupitia wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, KNPA, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 nafasi yake ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Pesa ya kahawa iliezeka nyumba kwa bati, ikajenga shule na kulipa ada hadi vyuo vikuu. Kwa desturi pesa hiyo ilikuwa ya baba. Jina lililoandikwa kwenye daftari la chama lilikuwa lake, na aliyekwenda kupokea malipo alikuwa yeye.

Mama alikuwa na ndizi na maziwa. Alibeba mkungu kichwani hadi sokoni, akauza, na fedha ile ikanunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari. Hakuna aliyemuuliza. Ndizi zilikuwa zake kama kahawa ilivyokuwa ya baba.

Mgawanyo huo ulikuwa na kasoro zake, hasa kwa mama aliyepalilia kahawa bila kuona malipo yake. Hata hivyo, ulifanya kazi moja muhimu: kila mtu mzima ndani ya nyumba alikuwa na kitu cha kukiamulia.

Mtoto je? Yeye alifanya kazi kwenye ghorofa zote na hakumiliki hata moja. Alichuma kahawa ya baba, akabeba ndizi za mama, akakata majani ya ng'ombe. Zamani haikuwa tatizo kubwa kwa sababu alijua siku yake itafika. Akioa angekatiwa kihamba chake, na kitinda mimba wa kiume angebaki na nyumba ya wazazi.

Siku hiyo sasa imekuwa ngumu kufika. Kihamba cha babu kilichokuwa ekari mbili, kikigawanywa kwa watoto wawili wa kiume, kila mmoja anapata ekari moja. Kila mmoja wao akiwa na watoto wawili, wajukuu wanapata nusu ekari. Wazazi, Mungu awajalie, wanaishi miaka mingi zaidi, hivyo kijana anaweza kufikisha miaka 40 akiwa bado anasubiri. Nayo kahawa, tangu mgawo wa mauzo uliokuwa ukishikilia bei duniani usambaratike mwaka 1989, haikurudi kuwa tegemeo lile la zamani. Vijana wakaenda Arusha, Dar es Salaam, Nairobi. Sasa baadhi yao wanarudi, na hawarudi na fedha.

"Hapa pote ni pako"

Chukua mfano wa nyumba moja inayofanana na nyingi, kuanzia Machame hadi Rombo.

Kijana ana miaka 24. Amekaa Dar es Salaam miaka mitatu akimuuzia mtu vifaa vya simu Kariakoo, biashara ikayumba, akarudi. Wiki ya kwanza mama alimpikia mtori na majirani wakaja kumsalimia. Mwezi wa pili ukimya ukaanza. Anaamka alfajiri, anakata majani, anatoa samadi bandani, anabeba ndizi hadi barabarani. Jioni anaomba hela ya vocha kama mtoto wa darasa la tano.

Siku moja, baada ya chakula, anajikaza.

"Baba, naomba ile kona ya chini karibu na mfongo. Nataka nijaribu mboga, na kitalu cha miche ya parachichi."

"Uombe kona ya nini, mwanangu? Hapa pote ni pako. Mimi nitakwenda napo wapi?"

"Sawa, baba. Sasa nikivuna, hela inakuwa ya nani?"

Baba anacheka. "Hela ya nani tena? Ni ya nyumbani."

Baba huyu hana ubaya. Anachosema ndicho alichoambiwa na baba yake, na anakiamini. Lakini kwa kijana, maneno "hapa pote ni pako" yana maana moja tu: leo hii hakuna hata mita moja iliyo yake. Ni pake siku ya mazishi. Kijana mwenye heshima hawezi kuisubiri siku hiyo kwa furaha, na hawezi kupanga maisha kwa kuitegemea.

Mama, anayekusanya vyombo, ameyasikia yote. Yeye aliingia katika nyumba hii akiwa mgeni, akakabidhiwa ndizi. Anajua tofauti kati ya kufanya kazi shambani na kuwa na kitu shambani.

"Mzee," anasema, "mimi ulinipa ndizi. Mtoto naye mpe kitu."

Baba hajibu usiku ule. Katika nyumba nyingi jibu haliji kabisa, na baada ya miezi michache kijana anarudi mjini au anahamia kijiweni.

Jembe lililogeuzwa adhabu

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hulisahau. Kwa miaka mingi tumelitumia jembe kuwatishia watoto. "Usiposoma, jembe linakusubiri." Shuleni, aliyechelewa alipelekwa kulima bustani ya mwalimu wakati wenzake wako darasani. Nyumbani, aliyefeli mtihani ndiye aliyekabidhiwa banda la ng'ombe, na aliyefaulu akasamehewa.

Mtoto aliyekua akisikia hivyo miaka 15 amejifunza somo moja vizuri sana: kulima ni hatima ya walioshindwa. Leo tukimwambia kuna maisha kwenye udongo, anasikia tukimwambia kwamba ameshindwa.

Ndiyo maana semina za siku mbili hazitoshi kumrudisha kijana shambani. Elimu ya kilimo ni lazima, lakini inapaswa kukuta nyumba ambayo imeacha kulidharau jembe. Mzazi anaweza kuanza kwa jambo dogo: kumwomba kijana ushauri kuhusu shamba, na kuufuata angalau mara moja.

Siku ya malipo ya kila ghorofa

Hofu ya kijana ina msingi. Kilimo kinalipa polepole na yeye anahitaji fedha mwezi huu. Hapa ndipo kihamba kinapokuwa mwalimu mzuri, kwa sababu ghorofa zake hazitofautiani kwa urefu tu. Zinatofautiana pia kwa muda wa kulipa.

Ya chini inalipa haraka. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Maharage huchukua karibu miezi mitatu. Kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi mitano au sita. Ng'ombe wa maziwa, akishazaa, analeta fedha asubuhi na jioni.

Ghorofa za kati zinahitaji subira. Mgomba hutoa mkungu baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu. Mbuni mpya huanza kuzaa vizuri karibu mwaka wa tatu, na mparachichi wa mche uliobebeshwa huchukua muda kama huo. Ghorofa ya juu ni akiba ya uzeeni: mti wa mbao unahitaji miaka 10 na zaidi.

Mkulima wa zamani alikuwa na ghorofa zote kwa pamoja, hivyo kila msimu kulikuwa na kitu cha kuuza. Kosa linalowaumiza vijana wengi ni kuanza na ghorofa moja tu, mara nyingi ile iliyosifiwa zaidi mwaka huo. Mmoja anasikia bei ya parachichi, anakopa, anapanda miche 80 katika ekari nzima, kisha anagundua kwamba kwa miaka mitatu miti haitamlipa hata nauli.

Njia iliyo salama ni kupanda kwa ngazi. Kijana anaanza na mboga na kuku ili apate fedha ya matumizi. Fedha ya mboga inanunua miche michache ya migomba bora au parachichi kila msimu. Samadi ya kuku na ng'ombe inampunguzia gharama ya mbolea. Mwaka wa tatu unapofika, ile miti aliyoipanda kidogokidogo inaanza kuzaa, naye hana deni la kumnyima usingizi.

Maji ya mfongo

Mboga za kiangazi zinahitaji maji, na hapo kijana wa mlimani ana urithi ambao wengi hawaujali.

Muda mrefu kabla ya kuja kwa wakoloni, Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji inayochukua maji ya mito na chemchemi huko juu na kuyateremsha kwa mwinuko uliopimwa kwa macho hadi kwenye vihamba. Kila mfongo una watu wake, zamu zake na mkuu wake. Siku ya kuukarabati kila kaya hutoa mtu, na asiyefika hutozwa faini.

Vijana walipoondoka, mifongo mingi ilikosa mikono. Mingine ilibomoka, mingine ikajaa tope. Wazee wanaobaki hawawezi kubeba mawe. Kijana anayechukua sepetu na kwenda kwenye ukarabati anarudi na mambo mawili: zamu ya maji, na sauti kwenye kikao cha mfongo. Kwa mara ya kwanza watu wazima wanamsikiliza kwa sababu ya kazi aliyoifanya, bila kujali cheti alichonacho au asichonacho.

Mzazi anaweza kulisaidia hili kwa kumtuma kijana akaiwakilishe kaya, kisha kuheshimu alichokiamua huko.

Ujuzi hauko mbali

Lyamungu, wilayani Hai, ipo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI). Watafiti wake wamezalisha aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyowamalizia wakulima fedha kwa kununua dawa. Mibuni mingi ya kihamba ilipandwa na babu. Kuiondoa na kupanda mipya ni kazi ya miaka, na inahitaji miche mingi. Kijana anayejifunza kuzalisha miche bora na kuitunza kwenye kitalu ana bidhaa ambayo majirani zake wote wanaihitaji, na kitalu hakidai ekari. Kinadai maji, kivuli na uangalifu.

Ndivyo ilivyo pia kwa kubebesha miche ya parachichi, kupogoa mibuni na kuwapogolea wazee ambao magoti yamechoka. Hizi ni kazi za mkono wenye ujuzi, na malipo yake hayasubiri mavuno.

Huko Shimbwe Juu, baada ya kutambuliwa na FAO, wanakijiji walijaribu mambo matatu bila kuvunja ghorofa za kihamba: kahawa isiyotumia kemikali za viwandani, vanila inayotambaa kwenye miti, na ufugaji wa samaki aina ya trauti wanaopenda maji baridi ya mifereji ya mlimani. Mambo hayo yanaonyesha kwamba kihamba kinapokea vitu vipya. Yanafundisha pia tahadhari. Vanila, kwa mfano, huchavushwa kwa mkono, ua moja baada ya jingine, asubuhi ileile linapofunguka, na bei yake duniani hupanda na kuporomoka vibaya. Ni nyongeza nzuri, lakini hatari ukiitegemea peke yake.

Kwa mtaji, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa, chenye mpango unaoeleweka, kinaweza kuomba kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Ofisa ugani wa kata naye analipwa kwa ajili ya wakulima, na kumwita hakuhitaji kusubiri ugonjwa uingie shambani.

Lakini hapa tena tunarudi nyumbani. Kikundi kitaulizwa kinalima wapi. Kijana ambaye baba yake anasema "hapa pote ni pako" hana jibu la kuandika.

Na binti je?

Kwa mila, binti hakukatiwa kihamba. Aliambiwa chake kiko kwa mumewe. Wapo waliokwenda wakakikuta. Wapo walioachika, waliofiwa au ambao hawakuolewa, wakarudi na kuambiwa kuwa ni wageni kwenye nyumba waliyozaliwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mila inakwenda taratibu kuliko sheria, na mzazi hahitaji kusubiri kesi ndipo atende haki. Binti anayefuga kuku au kuzalisha miche kwenye kona aliyokabidhiwa mbele ya kaka zake ana mahali pa kuanzia maisha, awe ataolewa au la.

Mpe ghorofa

Ardhi ya mlimani haiongezeki. Kuendelea kuikata vipande ni kuwaachia wajukuu kipande kisichotosha hata banda. Lakini kihamba chenyewe kinaonyesha njia nyingine: kama baba na mama waliweza kugawana ghorofa bila kugawana ardhi, kijana naye anaweza kupewa ghorofa yake.

Katika nyumba ya mfano wetu, baba anaweza kubaki na kahawa na miti mikubwa, mama akabaki na ndizi, kijana akakabidhiwa ghorofa ya chini: mboga, kitalu, kuku au ng'ombe mmoja. Hakuna mpaka unaosogezwa, na hakuna anayenyang'anywa urithi.

Makabidhiano hayo yana masharti machache ili yasiwe maneno matupu.

Kwanza, yasemwe mbele ya watu. Kaka, dada na shangazi wasikie, na yaandikwe kwenye karatasi: eneo gani, kwa miaka mingapi, na miti itakayopandwa humo ni ya nani siku ya kugawana urithi. Ugomvi mwingi wa ndugu hutokana na mti uliopandwa na mmoja kwenye ardhi iliyokuja kuwa ya mwingine.

Pili, fedha ya ghorofa hiyo iwe ya mwenye ghorofa. Akubaliane na wazazi achangie kiasi gani nyumbani, na baada ya hapo asihesabiwe kila shilingi.

Tatu, aruhusiwe kukosea. Msimu wa kwanza mboga zitaliwa na wadudu au zitakosa soko. Baba aliyemwambia "nilikuambia" siku hiyo amemaliza kila kitu. Baba aliyekaa naye wakapiga hesabu pamoja, walipopoteza ni wapi, amemsomesha kuliko chuo.

Nne, asilazimishwe. Si kila mtoto atakuwa mkulima, na kihamba hakiwezi kuwabeba wote. Anayetaka ufundi apelekwe ufundi. Ghorofa apewe anayeitaka, na apewe kama heshima.

Mzazi anayesoma haya akiwa Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam na hana kihamba anaweza kuwa na shamba la mpunga, ekari za alizeti, duka au genge. Swali ni lilelile: katika hicho ulicho nacho, ni sehemu gani ambayo mwanao anaiamua yeye?

Desemba inakuja

Kila Desemba barabara ya kwenda Moshi hujaa magari. Watoto wa mlimani wanarudi nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya, mbuzi wanachinjwa, na familia zinafanya kikao. Mara nyingi hujadiliwa michango, harusi na ukarabati wa makaburi. Kijana aliyebaki nyumbani akiwatunza wazee na ng'ombe hukaa mwisho wa benchi, akisikiliza wenye magari wakipanga.

Hicho ndicho kikao cha kumpa ghorofa yake, kwa kuwa wote wapo na wote ni mashahidi.

Kwenye mipaka ya vihamba hupandwa masale, mmea wa majani marefu ya kijani usiokufa kwa ukame mdogo. Masale ndiyo yanayosema hapa ni pako na pale ni pa jirani. Jani la mmea huohuo, likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha ambalo Mchaga hulikataa kwa shida sana. Wazee waliona kwamba mpaka unaojulikana na amani ya ndugu ni mambo yanayokwenda pamoja.

Baba wa kule kwenye nyumba yetu ya mfano anaweza kukichukua kipandikizi kimoja cha masale asubuhi moja, akamwita kijana, wakateremka pamoja hadi kwenye ile kona karibu na mfongo, na akakipanda. Kisha akamwachia jembe na kurudi kwenye kahawa yake.